Tanzia ya Mchoraji Aliyehamia Sondu

Miaka ya sabini niliishi Kisumu, nikiandikia magazeti makala za wachoraji wa vitabu vya katuni. Mmoja wao, Odhiambo wa Pap Onditi, akawa haonekani. Nilimuuliza mama aliyeuza vitabu vyake sokoni.

"Huyo alishatuacha," akasema.

Mimi hodari sikuuliza zaidi. Niliandika tanzia iliyoniliza hata mimi mwenyewe.

Gazeti lilipotoka nilienda kuwafariji wazazi wake. Boma lilikuwa limejaa watu. Mama mtu alikuwa amezimia, na aliyekuwa akimpepea kwa gazeti ni Odhiambo, mzima kabisa.

"Nilihamia Sondu tu," akaniambia. "Mama ameniona, akaanguka. Bwana, ni wewe umeandika hii?"

Sikuweza kukana. Jina langu lilikuwa limechapwa pale juu.