Kiti Alichokikataa Wifi

Kwangu hakuna makochi. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee. Nimeishi Babati tangu mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, nimelea watoto wangu Maisaka, nimepokea wachungaji, mabosi na wakwe, na wote wamekaa bila makochi na hakuna aliyeondoka na kiuno kibovu. Mtu mmoja tu ndiye aliyekataa kukaa, naye ni wifi yangu.

Siku zile mji ulikuwa umechanganyikiwa. Babati waliyoizoea wenyeji ilikuwa mahali pa kunywa chai basi likielekea Dodoma, ghafla ikawa makao makuu ya mkoa. Watumishi walishuka kutoka kila kona ya nchi, nyumba za kupanga zikawa adimu, na malori ya Arusha yakawa yanashusha makochi yaliyofungwa nailoni. Watu waliogopa kuitoa ile nailoni. Walikaa juu yake mwaka mzima, na jua likiwaka mtu anainuka paja limenata. Mimi nilikuwa mchapaji katika ofisi mpya za mkoa, nimetoka Singida na sanduku moja, nikaolewa na mwalimu wa hapa hapa, kijana wa watu wa Mbulu.

Wifi ndiye dada mkubwa wa mume wangu. Baba yao alikufa mapema, yeye akamsomesha mdogo wake kwa kuuza vitunguu, mpaka akafungua duka la vitambaa karibu na stendi. Kwa hiyo neno lake kwetu lilikuwa zito kuliko la mchungaji. Siku ya harusi yetu alituletea seti nzima ya makochi, velveti ya rangi ya damu ya mzee, pamoja na vitambaa vyake vyeupe vya kufuma. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Hata mimi nilipiga, bibi harusi mzima.

Makochi yale yalidumu misimu miwili ya mvua. Siku jumuiya ilipokuja kusali kwetu, mzee wa kanisa, mtu mwembamba tu, alijitupa kwenye kochi, tukasikia kra! Akazama mpaka magoti yakawa usawa wa masikio. Tulimvuta watu watatu, na tukamaliza sala kwa shida. Kesho yake nilichukua kisu cha jikoni nikalipasua lile kochi tumboni. Baba yangu alikuwa seremala wa misheni, nimekulia kwenye maranda, nisingeweza kulala bila kujua limejazwa nini. Nilikuta nyasi kavu, mifuko ya saruji iliyokunjwa, na fremu ya mbao za maboksi zilizopigiliwa misumari mpaka zikapasuka. Nikapasua la pili. Yale yale.

"Sasa dada atasema nini?" mume wangu aliuliza, ameshika kichwa.

"Aje aone mwenyewe."

Alikuja siku hiyo hiyo, maana Babati habari haihitaji basi. Alisimama katikati ya sebule, mkoba kwapani, nyasi zimemwagika miguuni pake.

"Umeichana zawadi yangu."

"Wifi, hebu tazama ndani."

Hakutazama. Aliangalia dirisha. "Zawadi haipasuliwi tumbo. Nitaleta nyingine kama hii."

"Nashukuru, wifi, lakini usilete. Viti vya nyumba hii nitavitengenezesha mwenyewe."

"Vya kienyeji?"

"Vya kukalia."

Looh! Mume wangu alifumba macho. Wifi akavuta pumzi, akasema taratibu, "Sawa, mke wetu. Siku utakapokuwa na kiti cha heshima, nitakaa. Mpaka hapo nitasimama." Akatoka bila kugusa chai.

Asiyejua ataona mzaha. Kwa watu wa mume wangu, kama ilivyo kwetu Singida, mgeni akikataa kiti amekukataa wewe. Wifi alikuwa amesema kwamba ile nyumba haina mke. Nami nilijua nikikubali siku ile nimekwisha: kesho ningechaguliwa sufuria, keshokutwa jina la mtoto wangu, na siku ya kufa wangenichagulia sanduku. Nikajisemea, thubutu!

Jirani mmoja mwema alitaka kuniazima makochi yake mpaka nijipange. Nilimshukuru nikakataa. Mama yangu alinifundisha kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Tukakaa kwenye mkeka na vigoda viwili, wageni wakaja, wakala, wakashiba. Nilijiwekea sheria moja tu: nanunua kitu kimoja kizuri, halafu nangoja. Kibaya sichukui hata cha bure.

Karibu na soko walikuwa wanabomoa ghala la zamani ili kupisha majengo mapya. Mbao za paa lake, mninga mtupu, nyeusi kwa masizi, zilikuwa zinauzwa kuni. Kuni! Nilikwaruza moja kwa ufunguo, nikaona wekundu wa ndani, nikataka kulia. Nilizinunua kwa bei ile ile ya kuni, nikazikalia nikingoja mkokoteni, maana mama ntilie mmoja alikuwa ananikodolea macho kana kwamba nimemwibia kuni za maharage yake kabla hayajaiva.

Fundi seremala mmoja wa Maisaka akaniambia njoo Jumamosi. Jumamosi za fundi yule hazikuwa kwenye kalenda ya mtu yeyote. Nilipomkuta hatimaye, alikuwa ameshika nyundo na mdomo umejaa misumari. Nikamwambia ateme. Sikutaka msumari hata mmoja. Ulimi wa mbao uingie kwenye tundu lake, upate gundi na kijiti cha kuufunga.

"Mama, utanizeesha," alisema.

"Zeeka, lakini kiti kisimame."

Kila nilipotoka kazini nilipita pale nikatikisa miguu ya viti mmoja mmoja. Uliocheza ulirudi kufanywa upya. Tuligombana kwa heshima zote, shikamoo zikiwa nyingi kuliko salamu za Pasaka, lakini mwisho alianza kutikisa mwenyewe kabla sijafika.

Ngozi ya ng'ombe niliinunua mnadani. Nikaikata mikanda mipana, nikailoweka, nikaisuka kwenye fremu ingali laini ili ikikauka ijikaze yenyewe, kama kitanda cha bibi yangu kilivyosukwa. Jamani, harufu! Mbwa wote wa Maisaka walihamia mlangoni kwangu. Mume wangu akawa anakula nje, eti anapenda hewa ya jioni. Nilivianika juani, nikavipaka mafuta, nikavianika tena, watoto wa jirani wakapita wameziba pua. Harufu ilipokwisha vikabaki viti sita vyenye migongo mirefu, mbao nyekundu iliyong'arishwa kwa nta, ngozi ya rangi ya asali. Nilikaa kwenye kimoja peke yangu mchana mzima. Nilikuwa na furaha ya kijinga, naikumbuka mpaka leo.

Ndipo nyumba ikaanza kunijia. Ukuta niliupaka chokaa niliyoichanganya na udongo mwekundu kidogo wa Sigino, ukatoa rangi ya ngozi ya mtoto mchanga. Mapazia niliyapata kwenye mitumba, kitambaa kizito cha buluu kilichokuwa chini kabisa ya rundo kwa sababu hakuna aliyejua kazi yake. Kikapu kilichotoboka nilikipindua nikatundika balbu ndani yake, na ilipowashwa ukuta ulijaa vidoa vya mwanga. Bosi wangu alipokuja kuona mtoto, aliingia, akageuka huku na huku, akauliza nani kanipangia. Nikamwambia kiburi changu.

Na wifi? Wifi hakuacha kuja, hilo nampa. Alileta maziwa, alileta vitunguu, alikuja mtoto alipoumwa akabaki mpaka homa ikashuka. Yote akiwa amesimama. Alikunywa chai amesimama, mkoba kwapani, kisahani mkononi, akipumzisha mguu mmoja halafu mwingine. "Karibu kiti, wifi," nilisema kila mara, bila kukosa. "Sijachoka," alijibu kila mara. Mwanangu wa kwanza alipojua kusema aliuliza kwa nini shangazi hakai. Nikamwambia shangazi ana miguu mizuri. Huko stendi nako alisema kwamba nimemkalisha mdogo wake juu ya ngozi utadhani mchunga ng'ombe, na kwamba kwangu kunanuka zizi. Waliosikia walikuja kunusa. Wengine waliondoka na anwani ya fundi.

Mume wangu aliyumba mara moja. "Tununue kochi moja tu la dada," alisema, "akija akae, yaishe."

"Kochi la dada likiingia, mimi natoka," nilimjibu. "Dada yako nampenda. Amekulea, Mungu ambariki. Lakini mke wa hapa nani?"

Alitoka, akazunguka mji, akarudi, akavuta kiti chake cha dirishani akakaa kusahihisha madaftari. Tangu siku hiyo akikuta mtu kwenye kile kiti, anamwinua. Nikajua yeye ameshajibu.

Miaka ikapita, bajaji zikaingia mjini, nywele zikaanza kuota mvi. Binti wa wifi akachumbiwa na kijana wa Moshi, na upande wa mume ukatangaza siku ya kuleta mahari. Wazee wazito, waliokula nyama maisha yao yote. Na makochi ya wifi, ambayo yalitoka kwa fundi yule yule aliyetengeneza yale ya harusi yetu, tulikuwa tunayafahamu wote katika ukoo: hili lina matofali chini, lile usikalie upande wa kushoto, lile pale ni la kuwekea mito tu. Viti vya plastiki vya kukodi hakuvitaka, akasema vile ni vya msibani.

Mume wangu alirudi jioni akazunguka zunguka mlangoni. "Dada anaomba viti."

"Viti gani?"

"Hivi hapa. Usicheke."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Methali ya mama, ile ya nguo ya kuazima, ilinifika mdomoni, imeiva kabisa, nikaimeza. Nilisema tu, "Viti vyote sita ni vyake, hata mwezi mzima. Ila aje akae kwanza."

"Unataka kumdhalilisha dada yangu."

"Nataka akae."

Alikuja Jumamosi mchana. Nilisikia bajaji, nikasikia hodi. Niliinuka.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

"Karibu kiti."

Alisimama pale pale alipokuwa akisimama siku zote, mkoba kwapani. Niliona vifundo vya miguu vimevimba. Nilitamani kusema kitu cha kumrahisishia, lakini nikakaza moyo. Ningesema, tungeharibu yote mimi na yeye.

"Kipi?" akauliza.

"Unachokitaka."

Akachagua cha dirishani, cha mdogo wake. Akakaa kwa tahadhari, mikono imeshika mbao, akingoja kisikike kitu. Hakikusikika kitu. Akaegemea. Akavua viatu. Nilimletea chai, akaishika kwa mikono miwili, akanywa taratibu.

"Ile siku," akasema mwishowe, "ndani mlikuwa na nini?"

"Nyasi, wifi. Na mifuko ya saruji."

Akatikisa kichwa. "Niliuza ng'ombe wa mama. Yule wa mwisho. Nilitaka watu wa kwenu waone kwamba mdogo wangu ana kwao." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nilijua, mke wetu. Niliziona zile nyasi. Kwa aibu ile ningekaa wapi mimi?"

Machozi yalinitoka na hasira ikanipanda kwa pamoja. Hasira si juu yake, juu ya yule fundi tapeli aliyekula ng'ombe wa mama wa watu kwa velveti. Sikumwomba msamaha, na yeye hakuniomba. Nilimwongezea sukari.

Pikapu ikafika. Vijana wa kubeba wakaingia, wakachukua kiti cha kwanza wakashtushwa na uzito wake, wakatoa cha pili, cha tatu, mpaka sebule ikawa na mwangwi. Wakarudi wakasimama mlangoni, wakikitazama kile cha dirishani.

"Mama, na hicho?"

Nilitaka kujibu, wifi akaniwahi.

"Nyie vipi?" akasema, wala hakugeuka. "Hamwoni kina mtu?"