Saumu ya Fundi Yuma

Fundi Yuma alikuwa akishona abakosti, makoti yasiyovaliwa tai, katika mtaa wa Kamalondo, katika chumba cha mbele cha nyumba iliyojengwa na baba yake, mtu wa Kasongo aliyeletwa Katanga na biashara ya vitambaa. Wafanyakazi wa shaba walimpenda kwa sababu kola zake zilikaa vizuri shingoni. Mwaka sabini na tano macho yake yakaanza kuona ukungu. Alikunywa maji kutwa bila kiu kuisha, na mwili wake mnene ukapungua wenyewe. Siku aliyokata mkono mmoja wa koti mfupi kuliko mwenzake, mkewe Alima hakungoja tena. Alimpeleka zahanati.

Huko walimkuta jirani yao Clotilde, muuguzi. Majina ya Kikristo kama hilo serikali ilikuwa imeyakataza, lakini mtaani halikufutika. Clotilde alichemsha mkojo wa Yuma pamoja na dawa ya buluu, na ile buluu ikageuka rangi ya tofali. Damu ikapelekwa maabara. Jibu lililorudi lilikuwa na mambo mawili: sukari nyingi, na mafuta mengi yanayoitwa kolesteroli.

"Iko bugonjwa moja ao mbili?" Yuma aliuliza.

"Iko sawa bandugu, Papa Yuma. Sukari inaaribu mishipa, mafuta inaziba mule. Moyo njo inateseka. Tutachunga yote mbili."

Alipewa vidonge vya kushusha sukari. Alima akapunguza mawese kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akaacha kukaanga samaki, na ugali wa mumewe, bukari, akaumega nusu. Yuma alinung'unika, lakini macho yalipoanza kupata nuru, akanyamaza.

Ramadhani ilipokaribia, Clotilde alimwomba aonane na daktari kabla ya kufunga. Hakwenda. Tangu alipobaleghe hakuwahi kula mchana wa mwezi huo, na hakuona kwa nini Mkatoliki amfundishe saumu. Alfajiri alimeza kidonge chake kama kawaida, akanywa uji kidogo, akafunga.

Kabla ya adhuhuri mikono ikaanza kutetemeka juu ya cherehani. Jasho likalowesha kitambaa. Alima aliposikia cherehani imenyamaza aliingia, akamkuta ameegemea ukuta, anasema maneno yasiyoshikana. Akamwita Clotilde kwa sauti kupitia dirisha.

"Leta maji ya sukari, mbio!" Clotilde alisema alipomwona.

"Sukari? Si njo bugonjwa yake?"

"Leo imeshuka sana. Kidonge inafanya kazi, na mu tumbo hamuna kintu."

Yuma akakaza midomo. "Minafunga," alisema.

Alima akamshika uso kwa mikono miwili. "Baba Amida, Mungu aliruhusu mugonjwa akule. Kunywa, ao leo utaniacha mujane."

Akanywa. Polepole akili ikamrudia, akaona kikombe mkononi mwake na jua liko juu, akalia.

Jioni mwalimu wa msikiti alikuja kumjulia hali. "Bugonjwa yako haiko ya kuisha kesho, Yuma," alimwambia. "Usifunge tena. Lisha masikini kila siku ya mwezi. Mungu anaona."

Basi Alima akawa anapika, na Yuma mwenyewe anapeleka sahani kwa miguu hadi kwa mjane mmoja aliyekaa nyuma ya msikiti. Chakula chake cha mchana alikila nyuma ya pazia. Mwanzoni aliona haya, baadaye akazoea.

Mwezi uliisha, lakini kutembea hakukuacha. Alifika hata soko la Kenya, mtaa wa jirani, kutafuta vifungo na uzi. Daktari alimpunguzia vidonge. Damu ilipopimwa tena, sukari ilikuwa imetulia. Mafuta yalikuwa bado juu.

Clotilde akamtazama. "Papa Yuma, ku Kenya unakulaka nini?"

Yuma akageukia ukuta. "Mikate ya mafuta," alisema. "Ya moto."

Alima alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, kila Yuma alipokwenda Kenya, Alima alikwenda naye.