Usiku wa Kushika Mikoba

Miezi ya kwanza baada ya kuhamishiwa Mwanza kikazi, sikuwa na mtu wa kuzungumza naye zaidi ya salamu. Kwa hiyo wanawake watatu wa ofisini waliponialika klabu moja kule Kirumba, nilikubali haraka, nikatoka nyumbani Buswelu nimevaa gauni jipya.

Hatukumaliza hata vinywaji. Ulipopigwa wimbo wanaoupenda, mmoja akaniwekea mkoba wake mapajani. "Dada, tushikie kidogo." Wenzake nao wakaniachia yao, wakaenda kucheza.

Walicheza kwa muda mrefu. Kila nilipotaka kuinuka, niliitazama ile mikoba nikabaki nimekaa.

Baadaye akaja kuketi mezani kwangu mama mmoja, mgeni kutoka Bukoba, aliyeletwa pale na mashemeji zake baada ya harusi. Alikuwa amekanyagwa mguu, na masikio yalimuuma. Akaniinamia, akanieleza hayo sikioni, kisha akauliza, "Na wewe wamekuacha?"

"Nawashikia mikoba."

"Basi tukae wote."

Kelele za muziki hazikuturuhusu kuongea zaidi, lakini alinigawia karanga zake. Mashemeji walipokuja kumchukua, alinibonyeza bega, akaondoka akichechemea. Nilitamani kumfuata.

Jumatatu ofisini, wenzangu waliwasimulia wengine jinsi tulivyofurahi.

"Si tulifurahi, dada?" mmoja akaniuliza.

Nikasema tulifurahi. Alikuwa amenihesabu pamoja nao, na sikutaka anitoe.