Kioo Kilichokataa Kuwa Cheusi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwalimu wa fizikia alinikabidhi miwani yake mwenyewe akasema, "Ukiivunja, rudi Kulesa ukalime." Nyinyi wa kidato cha kwanza mnaorithi maabara yetu hapa Garsen, jueni mambo yalianza kwa vitisho.

Cheo changu kilikuwa Msimamizi wa Mwanga. Nilijipa mwenyewe. Kazi yenyewe ilikuwa kuuzuia mwanga kwa mwanga. Ndani ya kioo cha miwani ile mna chembe za fedha, fedha hii ya pete, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Jua likizipiga, fedha hujikusanya, kioo kinakuwa cheusi, na tochi ukiipitisha hapo inafifia.

Mkuu wa shule alikuwa ametangaza kwamba tusipochaguliwa kwenda mashindano ya sayansi ya Hola, maabara itageuzwa stoo ya mahindi. Basi siku ya kuja mkaguzi wa kuchagua shule, mimi kwa bidii zangu nikaianika miwani juu ya bati tangu asubuhi, ishibe jua.

Mkaguzi akafika. Nikaweka miwani dirishani, nikawasha tochi. Doa la mwanga kwenye karatasi likabaki vilevile, linang'aa bila haya.

"Kijana," mkaguzi akasema, "hili ni dirisha tu."

Mkuu wa shule akaanza kupima ukuta kwa macho, nadhani akihesabu magunia. Mwalimu naye, bila miwani haoni hata pua yake, alikuwa anatikisa kichwa kwa fahari.

Nikaishika miwani, ikaniunguza vidole. Hapo nikakumbuka: asubuhi kwenye paredi, macho ya mwalimu hatuyaoni, kioo ni giza tupu. Saa saba, jua la kuchoma ngozi, tunayaona hata yakisinzia. Joto ndilo linaloharibu kazi.

Nikaizamisha miwani kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Nikaipangusa kwa shati, nikairudisha juani. Kioo kikaanza kuiva taratibu kama chai ya rangi. Doa likafifia.

"Rudia," mkaguzi akasema.

Nilirudia mara tatu. Tukaenda Hola.

Sasa nastaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Mahindi hayakuingia. Ufunguo huu hapa, na kila asubuhi, kabla ya kugusa chochote, jazeni mtungi.