Nimeosha gari ya harusi kwa jasho, shangazi akaja na waya wa sufuria

Wakuu, kwema? Wakubwa shikamoo, wadogo mambo vipi. Hii sikusimuliwa na mtu. Gari ni yangu na shangazi ni wangu.

Mimi ni mwanamke, naendesha gari yangu nyeusi. Wiki nzima inapeleka vyakula kwa wachimbaji wa dhahabu Mwakitolyo, ikirudi mjini imevaa vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe, hadi huijui rangi yake.

Mdogo wangu Nyamizi alikuwa anaolewa Jumamosi. Marehemu mama aliniachia neno moja tu: Nyamizi atoke nyumbani kwa gari yetu, siyo ya kuazima.

Upande wa mume walitaka kuleta ya kwao kutoka Mwanza. Nikakataa. Mshenga akasema, "Sawa dada, Ijumaa jioni nitapita kuiona. Ikiwa ya aibu, tunaleta yetu."

Aibu? Moyoni nikasema, utaona.

Ijumaa asubuhi nikaenda car wash. Jamaa hata maji hajafungua, kashika tambara kavu anafuta vumbi mlangoni. Nikaruka. "We kaka, acha!"

Wakuu, vumbi la karasha ni jiwe lililosagwa. Ukilifuta kavu, unapiga msasa rangi yako mwenyewe.

Akacheka. "Dada, hii gari au yai?"

"Yai," nikamjibu, nikageuza kwenda kuiosha mwenyewe nyumbani Ibadakuli.

Nikaiweka kivulini, nikasubiri boneti ipoe. Juani sabuni inakaukia pale pale na kuacha madoa.

Nikaimwagia maji mengi kuanzia juu, bila kuigusa, mpaka yanayotiririka chini yakaacha kuwa uji.

Ndoo mbili. Moja ya shampuu ya gari, nyingine maji safi ya kusuuzia kitambaa kila mara. Kitambaa laini, hukandamizi. Sabuni ya unga iacheni na nguo zake. Magurudumu mwisho kabisa, tena kwa kitambaa kingine, maana mchanga umejificha kule.

Mgongo uliuma, sikuacha. Kufika mchana najiona mlangoni mpaka hereni.

Nikaingia ndani kuchukua taulo la kukaushia.

Kutoka, namkuta Shangazi Kabula, dada wa marehemu baba, ameinamia boneti. Huyu mama sufuria zake zinajulikana mtaa mzima, anazisugua kwa waya na majivu zinameremeta. Ameona kinyesi cha ndege. Na waya anao mkononi.

"Shangazi!"

"Pumzika mwanangu, umechoka. Hapa palikuwa hapajatakata."

Jamani! Duara kama sahani, jeupe, katikati ya boneti nyeusi. Machozi yalinitoka. Lakini utamfokeaje shangazi anayekusaidia huku anahema?

"Asante shangazi," nikasema. "Naomba ukaniangalizie wali." Ule waya nikauchukua kwa adabu zote.

Nikasema hapa sishindwi. Nikatoa polishi ya michubuko, nikaanza kusugua taratibu kwa mkono. Mmoja ukichoka, nabadili. Wenzangu wanapakwa hina ndani, mimi niko na boneti. Michubuko midogo ikaondoka. Mizito ikabaki, unaiona ukisimama upande wa jua.

Mshenga akaja jioni. Akaizunguka gari, akasimama upande wa jua. Hasa huo huo.

"Hapa pana nini?"

Sijafungua mdomo, shangazi huyo, anajifuta mikono kwenye kanga. "Hapo nimepasugua mimi, shangazi yake bibi harusi. Una neno?"

Mshenga akatazama chini. "Hapana mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Jumamosi Nyamizi akatoka nyumbani kwa gari yetu. Nililia njia nzima na usukani mkononi.

Nilichojifunza: maji kwanza, mkono baadaye. Kinyesi cha ndege kiwekee kitambaa chenye maji, kilainike, kitoke chenyewe. Na usiiache gari peke yake kama nyumbani kuna mtu anayekupenda.

Fundi wa kuliondoa duara nimeshampata. Nasubiri shangazi asafiri, maana kila akipita uani anapapasa pale pale na kuwaambia wageni, "Mnaona? Hapa ndipo palipotakata."

Haya, na nyie mwageni ya kwenu. Nani mwingine gari yake imesaidiwa na ndugu?