Kisanduku cha Salamu

Mke anazijua dalili. Mumewe, mkaguzi wa usalama wa tovuti, akiona kisanduku cha kujaza jina, vidole humwasha. Haandiki jina. Huandika mstari wa amri za kompyuta, hukohoa kidogo, kisha hubonyeza kwa kidole cha mwisho, taratibu, kama anayegusa pasi kujua kama imepata moto. Tovuti zembe humeza mstari ule bila kuutafuna, na kadirisha huchomoza kwenye skrini: "Hodi!" Hapo hujipiga paja. "Imekubali!" Maana alipopita yeye, mwizi naye angepita.

Basi shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, akatengeneza tovuti ya harusi yake mwenyewe, akaomba ndugu wote waandike salamu humo. Mkaguzi naye akaandika, kwa vidole vilevile. Siku ya siku, salamu zikaonyeshwa ukutani, ukumbi mzima ukitazama. Za shangazi zikapita, za mjomba zikapita, mara kila kitu kikaganda na kadirisha kakachomoza: "Hodi!" Bibi harusi akashika kichwa. Meza ya nyuma, mtu mmoja akajipiga paja na kuruka wima, sahani mkononi: "Imekubali!"

"Kaa chini, we baba," mkewe akamvuta koti. "Hapa si kazini!"

Mke alikuwa amechelewa. Mama mkwe alishageuka. "Hodi tumeisikia, mkwe wangu. Salamu je?"

Akakohoa kidogo. Kidole cha mwisho kikawa kinatafuta pa kubonyeza.