Siku Simu Yangu Mpya Ilipomwita Mama Chebunyo

Wacha niseme mwenyewe, kwa sababu kwaya nzima ya kanisa letu imeshaisimulia hii hadithi na kuiongezea chumvi: mimi ninayeuza simu karibu na geti la chuo hapa Kabianga, mimi ninayefundisha wanafunzi na hata walimu wao kutumia simu, nilishindwa na simu yangu mwenyewe mbele ya soko zima la ng'ombe.

Simu yenyewe ilikuwa ile kubwa kabisa iliyotoka mwaka huo (kampuni sitaitaja, haijanilipa) na hata leo sitaisema vibaya. Kamera yake ukisimama kwa mlango wa duka langu inakuonyesha uso wa mtu anayechuma chai ng'ambo ya bonde. Kioo kinasomeka juani. Ukiitumbukiza kwa maji inatoka nzima. Na kitu nilichopenda kuliko vyote, inajua ukipata ajali: inapiga king'ora, inahesabu, na usipoizima inatumia watu wako ujumbe pamoja na ramani ya mahali uko. Mimi niliandika watu wawili, mama yangu na pasta wetu.

Sasa Jumamosi moja mama akaniomba nikamsaidie kuchuma chai, wachumaji wake walikuwa wameenda matanga na majani yalikuwa yanazidi kukomaa. Siku hiyo hiyo Mzee Bii, mfanyabiashara wa ng'ombe kule Chebunyo, alikuwa ameniita nimwonyeshe hiyo simu, akiipenda nimwagizie yake na za watoto wake wakubwa. Ningemwambia mama ukweli angeelewa, si mtu mgumu, lakini nilijua ataniuliza kwa nini huyo mzee hawezi kungoja Jumatatu na sikuwa na jibu, kwa hivyo nikampigia nikamwambia tumbo linaniuma siwezi hata kukaa. Akanihurumia, akaniambia ninywe uji nilale. Nikavaa shati nyeupe, nikapanda pikipiki.

Chebunyo ilikuwa siku ya soko. Mzee Bii ni mtu mrefu, mpole, haongei sana na haamini kitu mpaka akione. Nikampiga picha ng'ombe wake mpaka unaweza kuhesabu kope. Nikatumbukiza simu kwa karai la maji ya ng'ombe nikaitoa inang'aa. Akatingisha kichwa, ikampendeza. Ndipo nikamwelezea mambo ya ajali, na yeye akauliza swali la maana sana.

"Itajuaje nimeanguka, na si kwamba nimekaa chini tu?"

Mtu mwenye akili angesema imeandikwa kwa kitabu chake. Mimi nikamwambia angoje aone. Mpango wangu ulikuwa mdogo tu, niweke simu kwa mfuko wa shati, niendeshe pikipiki kidogo, nifunge breki ghafla, ikilia niizime. Sikuangalia chini. Nilifunga breki pale pale ng'ombe walipokuwa wakinyweshewa tangu asubuhi, na pale hakukuwa na udongo tena, kulikuwa na mavi na matope, pikipiki ikaenda kushoto na mimi nikaenda kulia kwa tumbo.

Kwa kweli simu ilijua. Ililia mpaka fahali wa kwanza akakata kamba, wengine wakamfuata, mbuzi wakapita katikati ya akina mama wanaouza viazi, na wenye mifugo wakaanza kukimbia huku wakinitaja (si kwa wema). Nikaitoa kwa mfuko niizime na hapo nikajua udhaifu wake ambao kwa duka sikuwahi kuuona: kioo hakitambui vidole vyenye matope. Nikabonyeza, nikabonyeza, wapi. Nikaielekeza kwa uso ifunguke, ikakataa, haikunijua na matope usoni. Nikataka kuifuta na shati, lakini shati ndiyo ilikuwa chafu kuliko vidole. Inahesabu, kumi, tisa, nane, mpaka ikafika mwisho na ikatuma. Mzee Bii akainyakua akaitumbukiza kwa karai. Ikaendelea kulia ndani ya maji. Ilinyamaza tu betri ilipoisha, kwa sababu ile kamera nzuri nilikuwa nimeitumia tangu asubuhi na hiyo inakula chaji kama moto.

Kuchaji hakukuwezekana, stima ilikuwa imepotea soko lote. Mzee Bii akanipatia simu yake nipige nyumbani, nikagundua namba ninayoijua kwa kichwa ni moja tu, yangu. Basi nikajiambia netiweki ya kule ni mbaya, huo ujumbe haukufika popote. Nikasaidia kurudisha ng'ombe, nikaoga kwa bomba, nikavaa koti la Mzee Bii linalonifika magotini, tukaingia buchari kula nyama choma na nikaendelea kumweleza uzuri wa simu, maana biashara ni biashara.

Nilikuwa nimeshika ubavu wa mbuzi wakati pikapu ya pasta iliposimama mlangoni. Nyuma walikuwa wamama wanne wa kwaya na blanketi la kunibebea. Mama alishuka akiwa na gambuti miguuni na nailoni ya kuchumia chai bado imefungwa kiunoni. Akaniangalia, akaangalia nyama.

"Tumbo liko aje?"

Akakuja akanishika kichwa, mabega, mikono, kidole kwa kidole, kwa mikono yake iliyokuwa myeusi kwa utomvu wa chai, halafu akakaa kwa benchi akaanza kulia bila sauti. Pasta akaomba maombi ya shukrani, marefu, na mimi nimesimama na ubavu mkononi kwa sababu sikujua niuweke wapi. Amina ilipoisha, Mzee Bii ndiye aliongea.

"Niagizie hiyo simu," akasema. "Nimeona inafanya kazi."

Kwa hivyo biashara nilipata, siwezi kukataa. Lakini kurudi nyumbani mama alikataa kukaa mbele na pasta, akapanda nyuma na mimi na pikipiki, na kutoka Chebunyo mpaka Kabianga alishika kiwiko changu hakukiachilia. Tulipokaribia ndipo aliniambia njia yote ya kuja alikuwa akifikiria atanizika na suti gani. Chai aliyokuwa amechuma asubuhi ilikuwa imenyauka ndani ya kikapu, lori la kupeleka majani kiwandani lilikuwa limeshapita.

Wiki iliyofuata nilifunga duka siku tatu nikachuma chai, wamama wa kwaya wakipita wananiuliza hali ya tumbo. Namba ya mama sasa naijua kwa kichwa. Na kumdanganya nimeacha kabisa, nikiwa na safari namwambia ninaenda wapi na kwa nani, hata akinuna. Simu bado ninayo. Nilimwuliza kama nitoe jina lake kwa ile orodha ya ajali, asije akashtuka tena hivyo.

"Wacha hapo," akasema. "Ikiniita nitakuja tu."